Ukimya wa Wadai Wengi: Historia ya Mabishano Juu ya Kesi za Kundi Nje ya Marekani

Mwaka juzi, dakika chache kabla ya kipindi kuanza, niliwauliza wanafunzi wangu swali ambalo halikuwamo katika muhtasari wa somo. Niliwaeleza kwamba kwa muda wa miezi minne kampuni moja ya simu ilikuwa ikinikata shilingi 150 kila siku kwa ajili ya ujumbe mfupi wa dondoo za afya, huduma ambayo sikuwahi kuiomba. Ni nani mwingine aliyepatwa na jambo kama hilo? Zaidi ya nusu ya ukumbi walinyoosha mikono. Ni nani aliyepiga simu kulalamika? Mikono kama kumi na mitano. Ni nani aliyefungua madai popote pale? Ukumbi mzima uliangua kicheko.

Kicheko hicho kilikuwa na hesabu ndani yake. Shilingi 150 kwa siku ni shilingi 18,000 hivi kwa miezi minne. Nauli za daladala, gharama za kuchapa hati na siku mbili za kusubiri katika masjala ya mahakama huimeza fedha hiyo kabla shauri halijapewa namba. Kwa upande wa kampuni hesabu ni nyingine kabisa, kwa kuwa wateja ni wengi mno. Mtu aliyeibiwa ng'ombe atamfuata mwizi hadi kijiji cha tatu. Aliyeibiwa kiganja kimoja cha mahindi hatoki nje ya nyumba yake, hata kama mwizi huyo amepita katika kila ghala la wilaya na kuondoka na malori.

Nikawaeleza juu ya kesi ya kundi kama ijulikanavyo Marekani: mtu mmoja hufungua shauri kwa niaba yake na kwa niaba ya wote waliotendewa kosa lile lile, na kila anayeangukia katika maelezo ya kundi huhesabiwa kuwa yumo mpaka atakapoarifu kwamba hataki. Hapo mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili, aliyekuwa amekaa safu ya nyuma, alisimama.

"Samahani, Mwalimu," alisema. "Mtu nisiyemjua anashitaki kwa niaba yangu bila kuniuliza. Akishindwa, na mimi nimeshindwa. Nani amempa ruhusa ya kunisemea?"

Sikuwa na jibu la kumtosheleza siku ile. Nilisema maneno mawili matatu juu ya taarifa inayotolewa kwa wanakundi, kisha nikajificha nyuma ya muda, kama walimu tufanyavyo. Lakini swali lake ndilo lililowagawa majaji, mabunge na tume za sheria kuanzia London hadi Sydney kwa muda unaozidi nusu karne. Makala haya ni deni langu kwake.

Tofauti inayogombewa huonekana ndogo ikiandikwa. Katika mfumo wa kujiunga, mtu anayenyamaza yuko nje ya kesi: hapati chochote ikishinda, wala hafungwi na hukumu ikishindwa. Katika mfumo wa kujitoa, anayenyamaza yumo ndani, kwa faida na kwa hasara. Sheria zote mbili zinajaribu kutafsiri kitu kimoja, yaani ukimya. Wahenga walituambia kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu, ila hawakutuambia mshindo huo uandikwe kwa jina la nani.

Wengi huamini kwamba jambo hili ni uvumbuzi wa Wamarekani. Mzizi wake uko Uingereza, katika mahakama ya Chansela, ambayo kwa karne kadhaa iliwaruhusu watu wachache kusimama kwa niaba ya wengi pale ambapo kumwita kila mmoja kungelifanya shauri lisiishe. Sheria ya Mahakama ya mwaka 1873 iliigeuza desturi hiyo kuwa kanuni ya jumla: watu wengi wakiwa na "maslahi yale yale", mmoja au zaidi waweza kushitaki kwa niaba ya wote. Katika shauri lililoripotiwa mwaka 1901, wakulima sita wa matunda, maua na mboga walimshitaki Duke wa Bedford, mmiliki wa soko la Covent Garden jijini London, kwa niaba yao na ya wakulima wengine wote waliodai haki ya kupewa nafasi sokoni kabla ya wengine. Baraza la Malodi liliwaruhusu. Hakuna aliyedai wapeleke orodha ya sahihi za kila mkulima wa Uingereza.

Mlango huo ulifungwa miaka tisa baadaye, na kilichoufunga ni meli. Mnamo Julai 1904, wakati wa vita vya Urusi na Japani, manowari za Warusi ziliizamisha meli ya mizigo iitwayo Knight Commander iliyokuwa ikielekea Japani. Wenye mizigo walitaka wawili kati yao wawashitaki wenye meli kwa niaba ya wote. Mwaka 1910 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilikataa: kila mwenye mzigo alikuwa na mkataba wake, kwa hiyo maslahi hayakuwa "yale yale". Meli moja, bahari moja, kombora moja, lakini karatasi tofauti. Tangu hapo kanuni ile ikawa kama jembe lililotundikwa ukutani, lipo lakini halilimi, kwa muda mrefu wa karne ya ishirini.

Kabla ya kutundikwa, jembe hilo lilikuwa limeshasafirishwa. Mwaka 1908 Waingereza waliliingiza katika Sheria ya Mwenendo wa Madai ya India, Amri ya I, Kanuni ya 8. Sheria hiyo ya India ndiyo iliyoletwa Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na bunge letu lilipotunga sheria yake lenyewe mwaka 1966 liliibakiza kanuni hiyo, hata namba yake. Kenya nayo inayo, kwa namba ile ile. Namwomba msomaji aikumbuke Kanuni ya 8, maana nitairudia.

Mwaka huo huo wa 1966, upande wa pili wa bahari, Wamarekani walikuwa wakiiandika upya Kanuni yao ya 23. Ilikuwapo tangu 1938, lakini kwa madai ya fedha ilifanya kazi kwa kujiunga: watu walisubiri, na baadhi walijiandikisha baada ya kuona dalili za ushindi. Mwandishi wa kamati ya marekebisho alikuwa Benjamin Kaplan, profesa wa Harvard. Hoja yake, aliyoieleza mwaka uliofuata, ilikuwa ya mtu anayewajua watu: kudai kila mtu achukue hatua ya kujiandikisha ni kuwaacha nje wale wenye madai madogo ambao kwa kutojua, kwa woga au kwa kutozoea mambo ya sheria hawatajaza fomu. Kamati ikageuza maana ya ukimya. Katika kanuni hiyo hiyo waliweka fungu jingine kwa ajili ya kesi za haki za raia, kama zile za kupinga ubaguzi mashuleni, ambamo mwanakundi hapewi hata nafasi ya kujitoa, kwa kuwa shule haiwezi kuacha ubaguzi kwa mtoto mmoja na kuuendeleza kwa jirani yake.

Miaka minane tu baadaye ilidhihirika kwamba ukimya una gharama. Katika kesi ya Eisen, mwekezaji mdogo ambaye dai lake binafsi lilikuwa dola 70 alitaka kuwawakilisha watu wapatao milioni 6. Anwani za watu 2,250,000 kati yao zilijulikana. Mwaka 1974 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema kila mwenye anwani inayojulikana apelekewe barua yake, na mlalamikaji ndiye alipe. Barua hizo zingegharimu zaidi ya dola 200,000. Kesi ya dola 70 ilikufa kwa gharama za stempu. Nawaeleza wanafunzi kisa hiki kila mwaka, kwa kuwa kinaonyesha kwamba swali la yule wa safu ya nyuma lilichukuliwa kwa uzito Marekani kwenyewe: ukitaka kumsemea mtu, kwanza mwambie.

Nchi nyingine zilipoanza kuitazama kanuni hiyo, ziliitazama kwa hofu, na hofu hiyo ilichanganya mambo. Wafanyabiashara wa Ulaya waliona nchi ambako wananchi wa baraza la wazee wa mahakama, yaani juri, hupanga fidia, ambako fidia ya kuadhibu huweza kuzidi hasara yenyewe, ambako wakili hulipwa asilimia ya ushindi na ambako anayeshindwa halipi gharama za mwenzake. Wakaviita vyote hivyo kwa jina moja na kusema, hatuitaki sumu hii. Lakini kujitoa ni kiungo kimoja tu katika chungu hicho, nacho chaweza kupikwa peke yake. Quebec ilikiteua mwaka 1978, Ontario ikafuata kwa sheria ya 1992. Australia iliingiza mfumo wa kujitoa katika Mahakama yake ya Shirikisho Machi 1992, huku ikibakiza kanuni ya Kiingereza kwamba anayeshindwa hulipa gharama. Ureno ilikuwa na wake mwaka 1995, bila kelele. Uchumi wa nchi hizo haukuporomoka.

Nchini Australia nina visa viwili. Tarehe 7 Februari 2009 moto wa nyika uliozuka Kilmore East, jimboni Victoria, uliua watu 119. Kesi ya kundi dhidi ya kampuni ya umeme na wengine ilimalizika mwaka 2014 kwa maafikiano ya karibu dola milioni 500 za nchi hiyo. Cha pili nawaomba watumishi wa umma wakisome kwa makini. Kuanzia katikati ya muongo uliopita serikali ya Australia ilitumia programu ya kompyuta kugawanya mapato ya mwaka ya watu waliopokea ruzuku ya jamii kwa wastani wa kila wiki mbili, kisha ikawadai "madeni" ambayo mara nyingi hayakuwapo. Waliodaiwa walikuwa mamia ya maelfu, wengi wao maskini. Wengi walilipa. Si kwa sababu walikubali, bali barua ya serikali ina nguvu yake. Novemba 2020, kesi ilipokuwa ikianza kusikilizwa, serikali iliafiki. Kama sheria ingewataka waliotishwa na barua hizo wajitokeze kwanza na kujiandikisha dhidi ya ofisi hiyo hiyo inayowapa posho, nina shaka wangejitokeza wangapi.

Uingereza, nyumbani kwa kanuni ya zamani, ilichagua kujiunga. Mwaka 2000 ilianzisha amri ya mashauri ya pamoja inayotegemea rejista: jina lako lisipokuwamo, humo. Kisha ikafanya jaribio ambalo laiti lingekuwa la kubuni, kwa jinsi lilivyo wazi. Kampuni zilizouza jezi za mpira wa miguu zilikuwa zimepatikana na hatia ya kupanga bei kwa njama. Chama cha watetezi wa walaji, Which?, kilifungua madai dhidi ya JJB Sports mwaka 2007 kwa mfumo wa kujiunga. Jezi hizo ziliuzwa kwa wingi mno nchini kote. Walioandikishwa walikuwa watu wapatao 130. Mwaka 2008 ilimalizika: kila aliyejiunga alipata pauni 20, na wengine walioweza kuonyesha ushahidi wa kununua wakapewa pauni 10. Chama hicho hakikurudia tena. Bunge lilipotunga Sheria ya Haki za Walaji ya 2015 na kuruhusu kujitoa, lakini kwa mashauri ya ushindani wa biashara pekee, idadi ile ya 130 ilikuwa imeshafanya kazi kuliko hotuba zote.

Wajerumani nao wamelipa ada yao ya masomo. Volkswagen ilipobainika kuficha moshi wa injini za dizeli, wamiliki wa magari yasiyozidi laki tano Marekani walipata mwaka 2016 maafikiano yenye thamani ya hadi dola bilioni 14.7. Ujerumani, kwenye magari takriban milioni 2.4 yaliyoitwa yarekebishwe, haikuwa na chombo. Ilitungwa sheria ya haraka, ikaanza Novemba 2018, kwa kujiandikisha. Walioandikishwa walizidi 400,000, na mwaka 2020 kampuni ikatenga euro milioni 830. Sheria za nchi hizi mbili zinatofautiana katika mengi, kwa hiyo sitaki kuutwika mfumo wa kujiunga lawama zote. Hata hivyo gari ni lile lile, na kosa ni lile lile. Umoja wa Ulaya ulishauri kujiunga mwaka 2013. Agizo lake la Novemba 2020 likaliacha swali kwa kila nchi mwanachama, na Uholanzi, iliyokwisha kuchagua kujitoa kwa wakazi wake tangu Januari mwaka huo, ikawa kimbilio la wadai.

Sasa nije nyumbani, kwa njia ya London. Juni 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228 walioteswa wakati wa hali ya hatari, enzi za Mau Mau. Nambari hiyo, 5,228, si nambari ya walioteswa. Ni nambari ya waliofikiwa, wakahojiwa na wakakubaliwa na mawakili kabla ya maafikiano. Baadaye walijitokeza wengine zaidi ya 40,000, wakaandikishwa katika rejista ya shauri la pamoja, kila mmoja kwa jina lake. Usikilizaji ulianza 2016. Mwaka 2018 madai yao yaliangushwa, hasa kwa sababu ya ukomo wa muda. Wazee waliokuwa katika kambi za aina moja, chini ya serikali moja, wakagawanywa na tarehe na daftari.

Sidai kwamba mfumo wa kujitoa ungewaokoa. Kipigo ni jambo la mwili wa mtu mmoja, na kuna mambo ambayo hakuna mwakilishi anayeweza kuyasimulia kwa niaba ya mwenye kovu. Na jaji aliyehesabu miaka angeihesabu tu. Ninachodai ni kidogo zaidi, nacho kinanitosha: rejista haikuwa karatasi tupu ya utaratibu. Iliamua ni nani angehesabika kuwa aliumizwa.

Afrika Kusini ndiko ninakoona swali la mwanafunzi wangu limejibiwa vizuri kuliko kwingine. Katiba yao, ibara ya 38, inamruhusu mtu kwenda mahakamani kwa niaba ya kundi. Katika miaka ya tisini serikali ya jimbo la Eastern Cape, ikijaribu kupunguza matumizi na kuondoa majina hewa, ilisimamisha ruzuku za walemavu kwa mkupuo na kuwataka waombe upya. Makumi ya maelfu walipoteza fedha ya kula, wengi bila taarifa. Walalamikaji wanne, akiwamo Ngxuza ambaye jina lake limebaki kwenye shauri, walifungua kesi pamoja na Kituo cha Rasilimali za Kisheria kwa niaba ya wote. Jimbo lilipinga. Likataka kila mmoja aje mwenyewe.

Agosti 2001 Mahakama Kuu ya Rufaa, huko Bloemfontein, ilikataa upinzani huo. Jaji Edwin Cameron aliandika kwa ukali ambao majaji hawautumii mara nyingi dhidi ya serikali, na alieleza kwamba katika kesi ya kundi jambo linalobishaniwa huamuliwa mara moja, na uamuzi huwafunga na kuwanufaisha wote waliopewa taarifa wasijitoe. Tazama ni nani aliyekuwa akidai ridhaa ya kila mtu. Ni ofisi iliyokuwa imewakatia watu hao posho bila ridhaa ya hata mmoja, na ambayo mafaili yenye majina yao yalikuwa kabatini kwake. Anayejifanya mlinzi wa uhuru wa kuchagua wa maskini mara nyingi huwa ni mdaiwa. Hilo pekee halibatilishi hoja, lakini linatosha kututaka tuiangalie mara mbili.

Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Johannesburg iliruhusu kesi ya wachimbaji dhahabu wenye ugonjwa wa mapafu unaotokana na vumbi la mwamba. Kundi liliwahusu waliofanya kazi migodini tangu Machi 1965, wakiwamo watu wa Lesotho, Msumbiji na kwingineko. Mahakama iligawa shauri: mambo ya pamoja yangeamuliwa kwa mfumo wa kujitoa, na ya kila mtu yangefuata baadaye kwa wanaojiunga. Ikasema pia kwamba anayefariki shauri likiendelea asife na dai lake, warithi walichukue. Maafikiano ya 2018, yaliyoidhinishwa mwaka uliofuata, yalihusu randi bilioni 5.

Nikiishia hapa nitakuwa nimeandika risala ya kampeni, na yule mwanafunzi ataniona mjanja. Mfumo wa kujitoa una ugonjwa wake, na Uingereza ya leo ndiyo wodi. Mwaka 2016 ilifunguliwa kesi dhidi ya Mastercard kwa niaba ya watu wapatao milioni 46, yaani karibu kila mtu mzima nchini humo, kwa madai ya pauni bilioni 14. Ilipigania kuidhinishwa hadi Mahakama ya Juu, ambako mwaka 2020 iliandaliwa njia. Iliishia pauni milioni 200, huku mfadhili aliyetoa fedha za kuiendesha akigombana na mwakilishi wa kundi kwamba kiasi hicho ni kidogo. Mwenye kundi, yaani umma, hakuwamo katika ugomvi huo. Katika kesi nyingine, ya nauli za treni, kampuni ilikubali kutenga hadi pauni milioni 25. Abiria walipotakiwa kujitokeza kudai, waliochukua jumla yao walichukua takriban pauni 216,000. Mawakili na wafadhili walichukua mamilioni. Agosti 2025 serikali ilianza kuupitia upya mfumo wote.

Kisa hicho cha treni kilinikosesha raha kwa siku kadhaa, maana kinaonyesha kwamba walioukwepa mfumo wa kujiunga mlangoni walikutana nao tena dirishani. Mtu alihesabiwa kimya kimya alipokuwa mdai, kisha akatakiwa ajaze fomu alipofika kwenye fedha. Ukimya wake ulitosha kumlipa wakili. Haukutosha kumlipa yeye.

Na Wamarekani? Wakati wengine wanajifunza kufungua mlango, wao wamekuwa wakiufunga. Mwaka 2011 Mahakama yao ya Juu, katika kesi ya AT&T Mobility dhidi ya Concepcion, ilizipa nguvu ibara za mikataba zinazomlazimisha mteja kwenda kwa msuluhishi peke yake, bila kundi. Kesi yenyewe ilihusu dola 30 za kodi iliyotozwa juu ya simu iliyotangazwa kuwa ya bure. Simu tena.

Nairudia sasa Kanuni ya 8. Ukiisoma kama ilivyoandikwa katika Sheria yetu ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, utaona haidai sahihi ya kila mtu. Inadai watu wengi, maslahi yale yale, ruhusa ya mahakama na taarifa kwa wanaowakilishwa, kwa kuwapelekea au kwa tangazo. Yeyote kati yao aweza kuomba awe mhusika. Asiyeomba anabaki amewakilishwa, na hukumu inamfunga. Haimpi njia ya kujitoa, na hilo ni pengo kubwa, lakini maana iliyoupa ukimya iko karibu na ile ya Kaplan kuliko ile ya rejista ya London.

Mahakama zetu zimeisoma vinginevyo. Mahakama ya Rufani, katika uamuzi wa maombi ya mwaka 1999 unaonukuliwa hadi leo, ilieleza kwamba anayejidai kuwasemea wengine lazima athibitishe kuwa watu hao wapo na wamempa idhini, kwa kuwa yawezekana wamekufa, hawapo, au ni wa kubuni. Hofu hiyo si ya kipuuzi. Kila aliyewahi kuona orodha ya malipo yenye majina hewa anaielewa. Lakini matokeo yake ni kwamba kanuni imegeuzwa kuwa ya kujiunga, tena kwa masharti: orodha, sahihi, muhtasari wa mkutano. Mahakama ya Johannesburg iliwakuta wafu ikawatafutia warithi. Yetu iliwaogopa ikaweka mlinzi mlangoni. Mwaka 2020 mlinzi wa pili aliongezwa kwenye mashauri ya haki za msingi, pale sheria iliporekebishwa ili mlalamikaji aape kuonyesha jinsi yeye binafsi alivyoathirika. Jaji Lugakingira, aliyefungua mlango huo katika shauri la Mtikila mwaka 1994, asingelitambua jengo.

Kenya imekwenda upande mwingine kupitia Ibara ya 22 ya Katiba ya 2010. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walioathiriwa na madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri, walishinda fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya mwaka 2020 katika shauri lililofunguliwa kwa niaba ya mtaa mzima. Mahakama ya Rufani iliiondoa mwaka 2023; Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Hilo nalo lina swali lake, la nani atagawa, kwa orodha gani.

Kwa hiyo, binti yangu wa safu ya nyuma, jibu langu ni hili. Hakuna aliyempa ruhusa ya kukusemea. Jaji ndiye anayeitoa, na ndiye anayepaswa kumchunguza: ana mgongano gani wa maslahi, analipwa na nani, na fedha ikipatikana itakufikiaje bila fomu nyingine. Ukipewa taarifa kwa lugha unayoielewa na muda wa kutosha wa kuondoka, nakubali kwamba ukimya wako uhesabiwe kuwa umo, hasa kwa shilingi 150. Kwa kovu lako, au kwa shamba la baba yako, nataka uulizwe.

Amehitimu sasa, na yuko katika ofisi ya mawakili mkoani. Nilimtumia rasimu ya makala haya. Alinijibu kwamba yeye mwenyewe anashughulikia maombi ya ruhusa chini ya Kanuni ya 8, kwa ajili ya wanakijiji 212 wanaodai fidia ya ardhi. Wakili wa upande wa pili amepinga alama za dole gumba za wazee kadhaa, kwa hiyo orodha inaandikwa upya. Watatu kati yao wamefariki tangu ilipoanza kuandikwa. Shauri limepangwa kutajwa tena mwezi ujao.